Namna Moshi Unavyotoweka

Jana usiku nilikamilisha mchoro wa 24 wa mlipuko wa katuni ninaoufanyia kazi tangu mwanzo wa mwezi, nikaitazama michoro yote ikipita mfululizo, kisha nikaifuta minane ya mwisho. Hii ni mara ya tatu kuifuta hiyo hiyo minane, yaani ile sehemu ambayo moto umekwisha na kilichobaki ni moshi unaopaswa kuondoka.

Mlipuko wenyewe ni wa sekunde 2. Filamu hupita kwa fremu 24, yaani picha moja moja, kila sekunde, lakini katika anime, yaani katuni za Kijapani, mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa kwa fremu 2 au 3, kwa hiyo sekunde nzima yaweza kubebwa na michoro 12 au hata 8. Nilipoanza kujifunza niliuona uchache huo kuwa njia ya kubana gharama tu, na ni kweli kwamba bajeti finyu za vipindi vya televisheni vya Japani katika miaka ya 1960 ziliusukuma mtindo huo. Lakini katika kuchora moto, maji na moshi nimekuja kuuona kuwa ni chombo cha kuonyesha uzito. Michoro yangu 8 ya kwanza hupita kila mmoja kwa fremu 1, kwa sababu mpasuko hauna subira; 8 inayofuata hupata fremu 2 kila mmoja, na 8 ya mwisho fremu 3, ili moshi uonekane kuchoka kadiri unavyopanda. Jumla ni fremu 48. Hesabu hiyo ilikaa sawa tangu siku ya kwanza. Kilichokataa kutulia ni mkono.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuukuza moshi kwa kipimo kilekile kutoka mchoro mmoja hadi mwingine, ukawa kama puto linalojazwa upepo. Mlipuko hutumia karibu nguvu zake zote mwanzoni: huruka kutoka nukta hadi karibu ukubwa wake kamili katika michoro mitatu au minne, halafu hupunguza kasi, na hapo ndipo madonge ya moshi huanza kubiringika, yakipanda katikati na kushuka pembeni. Kila donge lazima lifuatwe toka linapozaliwa hadi linapomezwa na jirani yake. Ukilisahau kwa mchoro mmoja, mtazamaji huona umbo likirukaruka hata kama hawezi kusema ni nini kilichomsumbua.

Mengi ya hayo niliyapata kwa kuisimamisha, fremu baada ya fremu, sehemu moja ya Nausicaä, filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 1984, ambamo Hideaki Anno, wakati huo kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikabidhiwa kulichora jitu la vita linaloyeyuka huku likitema mwale wa kuteketeza. Mwale hutangulia, mlipuko hufuata, na ninachokipenda zaidi kuliko ukubwa wake ni huko kucheleweshwa.

Kosa la pili lilikuwa njia ya mkato. Niliiachia programu ipunguze rangi ya moshi taratibu mpaka usiwepo, nao ukafifia kama kivuli cha ukutani jua linapoingia mawinguni, bila kwenda popote. Wachoraji ninaowafuata huuondoa moshi kwa umbo. Matundu hufunguka ndani yake, kingo zake huliwa, kinachobaki huchanika kuwa vipande virefu vyembamba, na kila kipande hupungua huku kikiendelea na safari ileile ya donge lililokizaa. Kwa kuwa rangi hupakwa bapa, kwa toni mbili au tatu tu, mpaka wa kivuli ninaouchora kwa penseli ya bluu nao sharti uchanike pamoja na umbo, na hapo ndipo nilipokwama.

Ndiyo sababu wiki hii nimekuwa nikikaa uani jioni mama anapowasha jiko. Huanza na vifuu vya nazi, na kabla mkaa haujashika, moshi hupanda wima kama uzi kwa kimo cha mkono hivi, kisha hujikunja na kuvurugika. Juzi aliniambia, "Mwanangu, sogea, huo moshi utakuumiza macho," nami nikamwomba anivumilie kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeliona tundu. Halikufunguka katikati, kama nilivyokuwa nikilichora siku zote. Hewa iliingia kutoka kando, ikauchimba moshi hadi ndani, ikaukata vipande viwili, na kile cha juu kikaendelea kupanda kana kwamba hakijajua kuwa kimetengwa na cha chini. Moshi wa anime ni wa kubuni, una kingo kali ambazo moshi wa jikoni hauna, lakini sikuwa na haki ya kuubuni kabla ya kuuona ukikatika.

Leo nimeichora upya minne kati ya ile minane. Katika mchoro wa 18 tundu linaingia kutoka kushoto, dogo kuliko ukucha; katika wa 19 limeufikia moyo wa donge; katika wa 20 kipande cha juu kimekatika, na kivuli chake kimekatika nacho. Michoro hiyo minne ni fremu 12, nusu sekunde kamili, na katika nusu sekunde hiyo moshi ulikuwa na mahali unakokwenda. Imebaki nusu nyingine.