Picha ya duma inaanza na gari lililozimwa

Kila msimu swali ni lilelile: lenzi ya milimita 400 inatosha Serengeti? Inatosha. Picha nyingi za simba, chui na duma zinazorudi Arusha zikiwa na ukungu hazikuharibiwa na ufupi wa lenzi. Ziliharibiwa na gari.

Land Cruiser ya dizeli ikisimama huku injini inanguruma, bodi zima linatetemeka, na kadiri lenzi ilivyo ndefu ndivyo mtetemo unavyokuzwa. Mwombe dereva azime kabisa. Kisha wote mliomo mtulie, maana abiria mmoja akihama kiti tu, gari linayumba. Tripodi garini ni mzigo. Chukua mfuko wa kuegemezea lenzi: fundi cherehani akushonee wa kitambaa cha jinzi, sentimita 30 kwa 20 hivi, wenye zipu. Pita soko la Kilombero ununue maharage kilo mbili au tatu, ujaze theluthi mbili tu. Ukiujaza ukawa mgumu, lenzi haizami, inateleza. Ukilegea mno, lenzi inagusa chuma cha dirisha na mtetemo unarudi palepale. Wanaokwenda kwa ndege ndogo, ambazo nyingi huruhusu mzigo wa kilo 15, wabebe mfuko mtupu na waombe maharage jikoni kambini.

Mfuko uweke dirishani, si juu ya paa. Ukimpiga picha simba wa karibu kutoka paani unapata mgongo na nyasi. Ukipiga kutoka dirishani, macho yake yanakaribia usawa wa yako. Paa linafaa kwa mnyama wa mbali, au nyasi zikiwa ndefu.

Duma ndiye anayehitaji dereva mwenye subira. Huwinda mchana, kwa kuona, hivyo hupanda kichuguu na kukagua uwanda. Huko Ndutu, kusini mwa Serengeti, hasa Januari hadi Machi nyumbu wanapozaa, utamwona akifanya hivyo mara nyingi. Tazama anakotazama. Gari litangulie mbali, lisimame pembeni mwa njia yake, jua likiwa mgongoni mwako, lizimwe. Kamwe lisikae kati yake na swala. Mbio zake hazifiki dakika moja, na akikosa lazima apumzike kabla ya kujaribu tena. Gari likimharibia windo, watoto wake ndio wanaolala njaa, na hakuna picha yenye thamani hiyo.

Kwa mbio weka kasi ya shata 1/2000 ya sekunde au zaidi, ukifuatisha mnyama mfululizo. Anayetembea, 1/800 inatosha. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande: chengachenga inazoleta hupunguzika kwenye kompyuta, ukungu wa mtikisiko hauondoki. Nyasi zikiwa mbele ya uso, fokasi hung'ang'ania nyasi, kwa hiyo tumia nukta moja ndogo ya fokasi, juu ya jicho.

Chui wa Seronera, katikati ya Serengeti, juu ya migunga na mivungunya kando ya mto, ana tatizo lake. Anga jeupe nyuma yake huidanganya kamera, naye anatoka mweusi kama mkaa. Kwenye kamera ongeza mwanga wa picha kwa hatua (stop) moja hadi moja na nusu, au bora zaidi, dereva asogee mita chache mpaka nyuma ya chui pawe na majani.

Mageti hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Uwe hapo. Kufikia saa nne uwanda umeshapata moto, na hewa inachezacheza kiasi kwamba simba wa mita 150 anaonekana kama yuko ndani ya maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Sogeeni karibu pale barabara inaporuhusu, au piga mandhari.

Vumbi: usibadilishe lenzi gari likitembea. Funika kamera kwa kitenge. Usiku pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute kioo. Ukianza kufuta, chembe za mchanga zinakwaruza.