Soma Kwanza Karatasi ya Majaribio

Mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, steshenari yangu hapa Tanga huwa haina nafasi ya kupumua. Wazazi huja na fomu za kujiunga, vyeti vya kuzaliwa vya kutolewa kopi, na watoto wanaohitaji picha za pasipoti. Katika msimu mmoja wa namna hiyo, mama mmoja alipokea picha nne za mwanawe, akazigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, mbona mtoto amekuwa kama mgonjwa?" Nilipotazama vizuri niliona alichokiona: uso ulikuwa na ukijani, midomo haina damu, na vivuli vya shati jeupe la shule vimeshika rangi ya majani mabichi.

Nilifanya wanachofanya wengi wetu. Niliingia kwenye mipangilio ya printa nikaiamuru isafishe kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorushia wino kwenye karatasi, nikachapa picha nyingine, nikaona ukijani uko palepale, nikasafisha tena. Nilirudia hivyo mara sita mfululizo, foleni ikiwa inarefuka, na baada ya mara ya sita hata bluu iliyokuwa nzima ilianza kukatika. Jioni nikamwita fundi, mzee ambaye ametengeneza mashine za ofisi hapa mjini tangu nikiwa mdogo. Nilimwamkia, naye hata kabla ya kuketi akaniuliza, "Mwanangu, karatasi ya majaribio iko wapi?" Sikuwa nayo, kwa kuwa sikuichapa hata moja.

Karatasi hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu tangu siku ile sijagusa printa yenye hitilafu bila kuichapa kwanza. Kila printa ya wino ina njia ya kuitoa, ama kwa kitufe kilichopo kwenye mashine yenyewe ama kupitia programu yake katika kompyuta, na haitumii wino mwingi. Hutoka ikiwa na vijistari vifupi vilivyopangwa kama ngazi, kila rangi na fungu lake: nyeusi, bluu ya siani, pinki ya majenta, na manjano. Kila kijistari kimechorwa na tundu moja au matundu machache ya kichwa cha kuchapia, na matundu hayo ni membamba kuliko unywele, kwa hiyo tone dogo la wino lililokauka, au kipovu cha hewa, latosha kuliziba. Palipo na pengo kwenye ngazi, wino hautoki. Manjano husomeka kwa shida jicho likichoka, nami huipeleka karatasi nje kwenye mwanga wa jua, au huitazama chini ya taa ya bluu ya simu, na hapo mapengo yake hujitokeza.

Ukishajua rangi gani imekatika, picha mbaya huanza kueleweka. Majenta ikikosekana, kinachobaki kwenye ngozi ni manjano na siani, na mchanganyiko wake ni kijani. Hicho ndicho kilichompata yule mtoto. Siani ikikosekana, uso huwa mwekundu kama wa mtu aliyeungua na jua, na manjano ikikosekana, kila kitu huelekea zambarau. Lakini kama ngazi zote ni nzima na picha bado ina kasoro, basi kusafisha kichwa ni kumwaga wino bure, na tatizo litafutwe kwingine.

Fundi alinieleza pia kwa nini kusafisha mara sita kuliniharibia zaidi. Printa inaposafisha, pampu ndogo huvuta wino kupitia matundu kwa nguvu na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ya mashine. Kama kwenye mirija ya wino kuna hewa, kuvuta mfululizo huisogeza hewa hiyo hadi kichwani, na tundu lililokuwa zima likaziba. Aliniagiza nisafishe mara moja, nichape karatasi ya majaribio, nilinganishe; ikibidi nirudie mara mbili zaidi, na isipopona niizime na kuiacha ilale usiku kucha, kwa muda wa saa 12 au zaidi, ili wino mkavu ulainike na vipovu vijiondoe. Tuliiacha ilale. Asubuhi, kabla sijafungua mlango wa duka, nilisafisha mara moja tu, na majenta ikarudi yote isipokuwa vijistari viwili, ambavyo navyo vilirudi baada ya kazi za siku hiyo.

Chanzo chenyewe kilikuwa mkononi mwangu. Kila jioni nilikuwa nazima vifaa vyote kwa pamoja kwenye swichi ya ukutani. Printa inapozimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi pembeni na kukaa juu ya kifuniko cha mpira kinachoyaziba matundu yasikaushwe na hewa. Ukiikatia umeme ghafla ikiwa katikati ya kazi, kichwa hubaki njiani, wazi, usiku mzima. Kwa sababu hiyo hiyo, umeme ukikatika nikiwa nachapa, hukaa na kungoja urudi ili niizime inavyotakiwa, na tangu hapo nimenunua betri ya akiba inayonipa dakika chache za kufanya hivyo. Matengenezo yote mengine ninayoyaeleza hapa hayana thamani hata nusu ya kitufe hicho.

Kwa wenye printa za matangi, zile zinazojazwa wino wa chupa, jambo hili ni zito zaidi. Printa hizi, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, zilitupunguzia sana gharama za wino, lakini kichwa chake kimefungwa ndani ya mashine. Katika printa nyingi za katriji, yaani vikasha vya wino vinavyobadilishwa, kichwa kiko kwenye katriji yenyewe, kwa hiyo kikiharibika unabadilisha katriji na mambo yanaisha. Kwenye matangi huna njia hiyo ya mkato. Usiache wino ushuke chini ya mstari wa mwisho uliochorwa kwenye tangi, kwa kuwa hewa itaingia kwenye mirija, na usijaze wino wa aina nyingine juu ya uliopo kwa sababu tu rangi zinafanana. Kuna wino wa rangi iliyoyeyuka na kuna wino wa chembechembe, na aina mbili zisizopatana zikikutana zinaweza kugandana ndani ya mrija.

Kasoro nyingine ni nyepesi. Herufi zikiwa na kivuli au mstari wa wima ukivunjika vunjika, kichwa kinahitaji kulinganishwa, na printa ina kipengele cha kazi hiyo. Mstari mweusi ukitokea kwenye kopi lakini usionekane unapochapa kutoka kwenye kompyuta, futa kioo cha skana, hasa kile chembamba kilicho pembeni ambacho karatasi hupita juu yake zikivutwa zenyewe. Picha ikitoka na ukungu kwenye karatasi ya picha, angalia kama umeiambia printa ni karatasi ya aina gani, na kama umeuweka upande unaong'aa panapostahili.

Hapa pwani, karatasi yenyewe ni tatizo. Rimu ikifunguliwa na kuachwa mezani hunywa unyevu wa hewa, karatasi hujikunja pembe, huvutwa mbili mbili, na wino husambaa kwenye nyuzi zake hadi herufi ndogo za fomu zinaonekana kunenepa. Mimi hutoa karatasi za kazi ya siku, na zilizobaki huzirudisha kwenye ganda lake na kulifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu nianze hivyo, malalamiko ya karatasi kukwama yamepungua sana dukani.

Jumatatu asubuhi huchapa karatasi ya majaribio hata kama hakuna hitilafu, huandika tarehe kwenye kona, na kuiweka kwenye faili lililoning'inia nyuma ya mlango. Ya wiki hii ina pengo moja kwenye manjano, kijistari cha tatu kutoka chini, ambalo wiki iliyopita halikuwapo. Sijasafisha. Nimechapa picha mbili za rangi ili wino upite, na kesho asubuhi nitachapa nyingine nizilinganishe.