Wino wa Kijani

Mwaka 2017 nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la 9 katika shule ya umma jimboni Kentucky, Marekani, baada ya kukifundisha kwa miaka sita katika shule ya kata mkoani Tanga. Kazi hizi mbili zina jina moja lakini hazifanani. Tanga nilifundisha lugha ambayo mwanafunzi alikuwa bado anaitafuta, na huku anaitafuta akatakiwa kujibia kwayo mitihani ya karibu masomo yote. Kentucky ilichukuliwa kwamba lugha tayari ipo, na kilichobaki ni kusoma hadithi, tamthilia na mashairi, kisha kuandika insha za aina tatu: za hoja, za maelezo na za masimulizi. Mgawanyo huo ulitokana na viwango vya pamoja vya masomo (Common Core), ambavyo Kentucky ndilo lililokuwa jimbo la kwanza kuvipokea, mwaka 2010, na wilaya yetu ya shule ilikuwa imevitengenezea jedwali la alama lenye visanduku vingi, ambalo mwalimu alipaswa kulijaza kwa kila insha. Nilikuwa na wanafunzi 132 katika vipindi vitano. Aliyewahi kusahihisha madaftari anajua hesabu hiyo inakula Jumapili ngapi.

Miongoni mwa hao 132 alikuwemo kijana mmoja Mkongo, aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kufika Marekani akiwa na miaka 12. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi waliovuka Ziwa Tanganyika, na shule zake za Wakongo zilifuata mtaala wa kwao, kwa hiyo kijana huyu alikuwa amesoma kwa Kifaransa, amecheza kwa Kiswahili na kubembelezwa kwa Kibembe, na Kiingereza kikamfikia kikiwa lugha ya nne. Aliniita "mwalimu" hata mbele ya wenzake, ambao huwaita walimu kwa majina yao ya ukoo, na baadhi yao wakaamini kabisa kwamba hilo ndilo jina langu.

Mwezi Oktoba niliwapa insha ya masimulizi. Yeye aliandika juu ya usiku ambao mvua ilibomoa nyumba yao ya tofali mbichi kambini: ukurasa mmoja na nusu, kwa penseli, herufi zikiwa zimekandamizwa hadi zikatokeza upande wa pili wa karatasi. Ilikuwa kazi nzuri. Alieleza jinsi ukuta uliolowa unavyolia kabla ya kuanguka, jambo ambalo mtu hawezi kulibuni. Kasoro yake kubwa ilikuwa moja, na niliifahamu tangu Tanga: mama yake, kuanzia mstari wa kwanza, alikuwa "he". Kiswahili hakijali, "alisema" ni ya mama, ni ya baba, ni ya shangazi, na msikilizaji hutambua anayetajwa kwa mwendo wa maneno. Kifaransa kina maneno mawili ya nafsi hiyo, ni kweli, lakini kwenye umilikaji neno hufuata kinachomilikiwa wala si mmiliki, kwa hiyo mtoto hawezi kukitegemea moja kwa moja anapofika kwenye "his" na "her".

Nilichukua kalamu ya wino wa kijani, kwa sababu tulikuwa tumeshauriwa kwamba wino mwekundu unawatisha watoto, nikazungushia kila "he" na kuandika juu yake "she". Zilikuwa sehemu 11. Nakumbuka kasi niliyokwenda nayo, na kwamba nilijisikia fundi. Kosa lile nilikuwa nimelisahihisha mara nyingi mno kiasi kwamba jicho langu liliruka kutoka "he" hadi "he" bila kusoma kilichokuwa katikati. Kijana akainakili upya kwa usafi, nikampa alama za juu, nikaiweka insha kwenye jalada la kazi za kuwaonyesha wazazi.

Mkutano wa wazazi na walimu ulifanyika jioni, katika ukumbi wa mpira wa kikapu, kila mwalimu na meza yake, kila mzazi na dakika zake kumi. Utaratibu ulikuwa tutumie mkalimani wa simu, lakini siku ile simu ilitupigia muziki wa kusubiri hadi dakika tatu zikapita. Mama yake kijana, aliyevaa kitenge chini ya koti zito la kiume, aliniangalia, akaiangalia simu, akacheka. "Mwalimu, si unasemaka Kiswahili?" Nikakata simu.

Hakutaka kusikia habari za alama. Aliuliza mwanawe anaandika nini huko shuleni, maana nyumbani humwona ameinamia karatasi tu. Basi nikatoa insha ile safi na kuanza kumsomea kwa Kiswahili, nikifasiri papo hapo, huku kijana amekaa kando yetu anatazama viatu vyake. Mama alitikisa kichwa kukubali alipousikia ukuta. Alitikisa tena nilipofika pale anapombeba binti mdogo mgongoni na kuwakusanya wengine chini ya mti. Nikaendelea: mama akarudi ndani ya nyumba, akatoka na kadi ya mgao akiwa ameiuma kwa meno, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Apana, mwalimu," alisema. "Mimi sikurudi."

Nilidhani nimefasiri vibaya, nikarudia. Alinyoosha kiganja juu ya karatasi, kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asimwage maji. "Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Ni papa yake njo aliingia. Kadi yeye njo aliitosha."

Kambini, mwenye kadi ndiye anayepata unga, maharage, mafuta na chumvi. Nyumba inaweza kujengwa tena kwa udongo uleule, kadi ikipotea ni habari nyingine. Mume wake alikuwa ameingia chini ya dari lililokuwa linaning'inia kwa ajili ya karatasi hiyo. Alifariki kwa ugonjwa miaka miwili baadaye, kabla familia haijaitwa kusafiri. Haya aliniambia kwa sentensi mbili, bila kubadilisha sauti.

Jambo ambalo bado linanisumbua ni hili: laiti ningefasiri neno kwa neno na kusema "akarudi ndani", mama yule angeelewa sawasawa, maana Kiswahili kingemrudisha marehemu mahali pake bila mimi kujua, na tungeagana kwa furaha. Ni mimi niliyeongeza "mama" ili masimulizi yapendeze.

Usiku ule nilichukua nakala ya kwanza, ile ya penseli, nikaisoma kama nilivyopaswa kuisoma mwanzo. Baba alikuwa ametajwa kwenye mstari wa nne, akikaza kamba za turubai jioni ile, kisha hakutajwa tena hadi "He go back inside". Kati ya zile "he" 11, tisa zilikuwa makosa. Mbili zilikuwa sahihi.

Kesho yake nilimwuliza kijana kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba nilikuwa nimeshasahihisha. Nilimwomba radhi, kwa Kiswahili kwanza halafu kwa Kiingereza kwa kuwa wenzake walikuwa wanasikia, nikamwomba aniandikie upya aya ile. Akauliza kama anaweza kuandika "my father" badala ya "he", maana wiki iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha kwamba jina likishatajwa lisirudiwerudiwe ovyo. Nikamwambia aandike anavyoona yeye.

Nakala ya tatu niliipokea Ijumaa. Katika aya ile moja maneno hayo yalitokea mara saba. Kwenye jedwali la wilaya kulikuwa na kisanduku cha kupunguza alama kwa kurudiarudia maneno, nilikiacha wazi.