Buti Zangu Zilibaki Siyu

Nahodha wa mashua ya kutoka Lamu hadi Siyu aliniambia nauli mia tano. Nilipokwisha kuketi, mkoba magotini, akaja kijana wake na hesabu nyingine: mia tano ya mtu, mia tatu ya mkoba, na mia mbili ya petroli kwa sababu kaskazi inatupiga usoni. Elfu moja nzima, na kiti chenyewe ni gunia la saruji. Nikalipa. Nimefanya kazi meli za mizigo miaka kumi na tisa, nimelala Santos na Busan, lakini Siyu, kisiwani Pate, alikozaliwa bibi yangu mzaa mama, nilikuwa sijafika. Sisi wa Mombasa tukishaiona Lamu, hudhani bahari imeishia hapo.

Mpango ulikuwa tung'oe nanga saa sita mchana, tuingie hori la Siyu saa kumi, maji yamejaa. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa mno, mwezi mpevu. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa alasiri na alfajiri, hupwa saa nne au saa tano, na hilo hata mtoto analijua. Nahodha naye alilijua. Lakini barafu ya mvuvi mmoja ilikuwa haijafika, halafu friji ya mtu, halafu bibi mmoja akakumbuka kuku wake wamebaki sokoni. Tuliondoka saa tisa.

"Usiwe na shaka, yakhe. Mashine ina nguvu hii."

Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, tukaupita bila taabu. Kwenye ghuba ya Manda tukaziona winchi za bandari mpya pale Kililana, iliyoanza kupokea meli mwaka 2021. Mtu wa barafu hakuzitazama hata mara moja. Alianza kuwahesabia abiria fidia ya shilingi bilioni 1.76 ambayo mahakama ya Malindi iliwaamulia wavuvi kwa ajili ya bandari hiyo mwaka 2018, nani kapata nini na nani bado, na hesabu ile ilikuwa haijesha tulipoikunja kona ya kuingia Siyu. Jua lilikuwa linazama. Nikaangalia mikoko: alama ya maji kwenye mashina ilikuwa imeshatuacha juu, kiasi cha mkono mzima. Nikanyamaza, maana abiria hamfundishi nahodha kazi.

Pangaboi likapiga tope. Kijana akachukua upondo, akasukuma, upondo ukazama na kubaki umesimama peke yake kama mlingoti. Nahodha akasema wanaume tuteremke tusukume. Wenyeji wakavua viatu, wakapandisha vikoi. Mimi, baharia wa dunia, nikateremka na buti zangu za kazi, zenye chuma vidoleni, nilizozinunua Antwerp kwa bei ambayo mke wangu hajaijua mpaka leo. Tope likanimeza hadi mapajani. Nikavuta mguu wa kulia: mguu ukatoka, buti likabaki. Nikapeleka mkono kulitafuta, na la kushoto likaenda vilevile. Wote walicheka, na yule bibi wa kuku alicheka kuliko wote. Mashua haikusogea hata shubiri.

Basi tukangoja maji. Muda wa saa saba hivi, na mbu wa mikokoni hawana adabu.

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye tangu Lamu hakuwa amesema neno. Huyo hakurudi mashuani. Alikuwa akipita kwenye mizizi, mwezi unamulika, akiokota kitu hapa na pale na kutia ndani ya kikapu. Aliporudi nikaona ni malapa, kandambili. Ya bluu, ya manjano, ya mtoto, mengine yameota chaza. Aliyapanga kwenye ubao mmoja mmoja, akiyakunja, akizivuta kanda zake, kama mama anayechagua papa sokoni.

"Unafanya nayo nini, mzee?"

"Natazama tu kazi ya wenzangu."

Kumbe ni fundi wa makubadhi, viatu vya ngozi. Siyu ndiyo kazi yake ya tangu na tangu, kazi ya ngozi, na nyumbani kwetu Mombasa palikuwa na jozi moja ya babu iliyotungikwa msumarini, hapana aliyeruhusiwa kuivaa. Mzee akanionyesha mikandaa, aina ya mikoko, upande wa pili wa hori: magome yake ndiyo yaliyokuwa yakirowekwa na ngozi mpaka ikawa nyekundu. "Lapa likaja kwa shilingi mbili tatu," akasema. "Nani atangoja ngozi iive?" Sasa hushona jozi mbili tatu kwa mwezi, za maharusi na za wageni.

Nikamuuliza kuhusu Flipflopi, ile jahazi ya plastiki iliyoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, ikavishwa malapa yapatayo 30,000, ikasafiri hadi Unguja mwaka 2019. Alikuwa ameiona. "Chombo kizuri, kinapendeza mno. Ila wakitaka cha pili wasihangaike, waje hapa na magunia." Nikakumbuka hori la Tudor kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 na kweli imepungua, lakini mikoko ya pale nayo imevaa malapa vilevile. Sijawahi kuinama nikaokota hata moja.

Usiku wa manane maji yakaanza kurudi, na kwanza yakarudi ndani ya mashua: kalafati, pamba ya kuziba mbao, ilikuwa imetoka kwenye ungio moja karibu na tezi. Kijana akafua maji, nahodha akatafuta pamba, hapana. Mzee akachukua lapa la manjano, akalikata ukanda mwembamba kwa kisu chake cha ngozi, akaushindilia kwa ncha, pole pole, akilamba kidole na kupapasa kila hatua. Maji yakakata. "Pamba na mafuta ndiyo dawa," akasema. "Hili litatufikisha tu."

Likatufikisha saa tisa usiku. Nilipita chini ya ngome ya Siyu nimevaa malapa mawili kutoka kikapuni kwake, moja jekundu moja la bluu, yote ya kushoto.

Siku mbili zilimalizwa na harusi ya watu nisiowajua. Nyumba ya bibi imebaki kuta mbili za matumbawe, na mpapai umesimama palipokuwa na chumba. Kwa fundi niliagiza makubadhi: elfu mbili na nusu, hapunguzi, na hayatakuwa tayari mpaka Alhamisi. Mashua yangu ilikuwa Jumanne. Akanipima mguu kwa uzi, akafunga fundo mbili, akautungika ukutani kati ya nyuzi nyingine.

Yalinifikia Lamu Ijumaa, na mashua ile ile. Yananibana kidole gumba. Nahodha alidai mia tatu, ya mzigo.