Papa, haukuisikia?

Wiki hii shemeji alijifungua mapacha, kazini tuliletewa mkuu mpya, na maji ya bomba yalirudi baada ya siku 11. Mimi lakini ningali Jumanne, saa tisa mchana, garajini kule Katuba, hapa Lubumbashi, mikono nyuma kama mtu aliyekuja matangani.

Mnajua ni kwa ajili ya nani. Nyekundu. Ile motokari yangu ya milango miwili ambayo mama watoto anaiita mke mwenza, usukani kulia kama ndugu zake wengi wanaotoka Japani, na nikitaka kupita lori lazima aliyekaa kushoto anichungulilie barabara. Nilishaeleza vile ilivyokuwa inatetemeka nikisimama, mpaka kioo cha ndani kinanionyesha kila motokari mara mbili. Nilidhani ni buji, yaani plagi. Nikabadilisha zote 4. Ikaendelea kutetemeka, sasa na buji mpya.

Fundi mkubwa hakugusa hata spana. Aliniambia niingie, nikanyage breki kabisa, nitie gia ya kwanza, niachie ambreyaji, yaani klachi, kidogo tu. Boneti ilikuwa wazi. Kwenye upenyo wa chini nikaiona injini nzima ikijiinua upande mmoja, na nilipokanyaga tena ambreyaji ikarudi kulala: tok! “Supori hizo,” akasema, yaani vile vishikizo vya mpira vinavyoibeba injini, akaenda kumalizia chai yake. Kazi akamwachia kijana.

Kijana ana miaka kama 17. Aliweka kiriki, yaani jeki, chini ya karteri, lile bakuli la mafuta ya injini, katikati akatia kipande cha ubao ili chuma kisibonyee, akaanza kulegeza buloni. Supori ya nyuma ilitoka vipande viwili. Ya mbele ilikuwa imelowa: mafuta yanayovuja kwenye kifuniko cha juu yalikuwa yameula mpira mpaka ukawa kama embe lililooza. Ya upande wa gia ndiyo ilituletea maneno. Haikuwa supori. Ilikuwa kipande cha peneu, yaani tairi, ya lori, kimekatwa kwa kisu, kimetobolewa, kisha kikapakwa rangi nyeusi vizuri kabisa. Nyuzi za peneu zilikuwa zinachungulia pembeni.

Kijana alikigeuza, akakipangusa kwa kitambaa. Kisha akaniangalia.

— Papa, siku ile ulinunua, haukuisikia?

— Hapana, mwana. Haikuwa inapiga.

— Eee.

Ni hayo tu. Ile eee ya huku kwetu, ndefu, isiyokubali wala kukataa.

Niliisikia. Tulikuwa njia ya Golf, mwenye kuniuzia kando yangu. Nikatoa ya pili nikatia ya tatu, ikapiga tok chini ya miguu yangu. Yeye akakohoa. Nikapunguza mafuta: tok. Mtu mzima, mwenye watoto watatu, angeegesha pembeni na kuuliza. Mimi nilinyoosha mkono nikasema, “Na redio, inashika?” Ikashika. Sauti niliiongeza mimi mwenyewe.

Ndiyo maana namba ya yule bwana iko mbele yangu tangu Jumanne na siipigi. Kila nikipanga matusi, naisikia ile redio. Alipaka rangi, sawa. Lakini nani alimsaidia kukohoa?

Na bado si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba nimemdanganya mtoto wa watu, mwenye grisi mpaka kwenye viwiko, ambaye hakuwa na faida yoyote katika jibu langu. Kila nikioga narudia. Anauliza, najibu: “Niliisikia, mwana, ila ilikuwa nyekundu sana.” Anacheka, nacheka, tunaendelea na kazi. Ingenigharimu nini?

Supori zote 4 zilinigharimu dola 160. Za okazyo zilikuwa bei rahisi, lakini mpira uliozeeka kwenye motokari nyingine umezeeka tu. Kuna rafiki alinishauri zile ngumu za watu wa mashindano. Hizo zinaishika injini kweli, ila mtetemo wote zinaupeleka kwenye bodi, na mimi mtetemo nimeshiba. Kijana alizipachika bila kuzikaza. Akateremsha kiriki, akaitikisa injini ijikalie yenyewe, ndipo akazikaza za mwisho. Alinieleza bila kuulizwa: ukikaza ikiwa bado inaning'inia, mpira unabaki umepinda na utapasuka mapema. Yeye haoni shida kusema anachokijua.

Na sasa lazima niseme: jamani, Nyekundu! Jioni ile nilimchukua mwanangu Kadogo tukashika njia ya Kipushi. Gia ya tatu iliingia kama kisu kwenye bukari ya moto, ugali wetu. Hakuna tok. Tuliposimama kusubiri ng'ombe wapite, Kadogo aliweka kiganja kwenye mlango, akasubiri, akaniuliza kwa huzuni, “Papa, imekufa?” Nikakanyaga mafuta kidogo ainuke kwenye kiti. Tulicheka mpaka mchunga ng'ombe akageuka. Nilirudi nimenyooka kama bwana harusi, hata mama watoto akatoka nje kutazama mke mwenza wake ana nini leo.

Ijumaa nilipita garajini na sukre mbili za baridi. Kijana hakuwepo, ametumwa Likasi kutafuta piesi. Fundi mkubwa akanywa zote mbili.

Nyinyi wa mtaa wetu, nisaidieni jambo moja. Yule mbwa wa jirani, mweusi, anayetunyima usingizi: mara ya mwisho mlimsikia lini? Mimi nahesabu usiku wa tatu huu. Jirani amesafiri, na geti lao leo asubuhi halikuwa limefungwa vizuri.