Kurudi Dodoma na familia: nilianza kwa mdogo wangu aliyebaki nyumbani

Watanzania walioko nje wanaotaka kurudi huwa wananiuliza kwanza habari za kontena na ushuru, na ntaligusia hilo, ila kiukweli kilichofanya kurudi kwetu kuwezekane ni simu niliyompigia mdogo wangu wa kike kabla hata sijaanza kuangalia bei za tiketi.

Mimi ni mtoto wa Chang'ombe hapahapa Dodoma. Niliondoka kijana nikaenda Uingereza, nikakaa Leicester miaka mingi nafanya ufundi wa friji na viyoyozi, mke wangu ni wa Kondoa tulikutana hukohuko, tukapata watoto wawili. Miaka yote hiyo mdogo wangu ndo alikuwa na mama. Mimi natuma hela, yeye anaamka usiku mama presha ikipanda, yeye anajua kidonge kipi kinamletea kizunguzungu, yeye anahangaika na wapangaji wa vyumba vya uani. Hela niliyotuma hailingani na hiyo kazi hata kidogo, na nilitaka alisikie hilo kutoka mdomoni kwangu.

Nikamwambia nataka kurudi, we unaonaje. Akakaa kimya kidogo alafu akasema, "Karibu nyumbani kaka, ila ukija usianze kubadilisha dawa za mama, na wapangaji niachie mimi, kodi yao ndo inamtunza." Tuliongea mpaka saa sita usiku. Tukakubaliana mambo ya mama na ile nyumba yanabaki mikononi mwake, mimi nachangia na kushauri nikiulizwa, na familia yangu tunapanga nyumba kwingine, hatuingii kwenye vyumba vya uani na kumfukuza mtu. Nimeona familia zinagawanyika kwa sababu aliyetoka nje anarudi na sauti kubwa, na yule aliyeuguza wazazi anageuzwa kama mfanyakazi wa ndani, inaniuma sana nikiona hivyo.

Makaratasi sasa. Mimi sikuchukua uraia wa Uingereza, nilikuwa na kibali cha kuishi cha kudumu, na kile ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo kinakufa, kwa hiyo mimi na mke wangu tulikaa tukaamua tukijua tunaachia nini. Watoto wana uraia wa huko na wa hapa kwa sababu sisi wazazi ni Watanzania, wakifika miaka 18 itabidi wachague maana sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na tumeshawaeleza mapema wasije wakashtuka. Kuhusu gari, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayerudi kuishi aingize gari moja bila ushuru kama amelimiliki na kulitumia huko angalau miezi 12, basi hakikisha kadi ina jina lako na karatasi zote unazo mkononi. Uzuri wa Uingereza usukani uko kulia kama huku. Na kitambulisho cha NIDA kishughulikie mapema sana, maana laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na bila laini huna M-Pesa, bila M-Pesa hata dukani unasumbuka.

Nilitangulia peke yangu, mke na watoto wakafuata shule zilipofunga kule. Na hapa ndo nilimhitaji mdogo wangu kuliko mtu yeyote, kwa sababu Dodoma niliyoiacha na hii ni miji miwili tofauti. Serikali imeanza kuhamia kwa kasi 2016, 2018 ikawa jiji, kule Mtumba kulikokuwa vichaka kuna mji mzima wa wizara, sehemu tulizokuwa tunachunga mbuzi zina maghorofa. Dalali akisikia una lafudhi ya mtu aliyekaa nje anakutajia kodi ya ajabu ya mwaka mzima. Mdogo wangu akasema nikae kwenye gari nisiongee. Kila nyumba alikuwa anaipita hata mlango haangalii kwanza, anaenda kwa jirani anasalimia, anauliza hapa maji yanatoka siku gani na yanapanda mpaka kwenye tenki au yanaishia bombani chini, mvua za Januari zikinyesha hii njia bajaji inapita? Akiridhika ndo anaingia, anagonga simtank kwa kiganja kuanzia juu kushuka chini kusikiliza usawa wa maji. Tukapata Ilazo, nyumba ya kawaida, simtank mbili, jirani mama mmoja mkarimu sana. Mi naona mtu apange kwanza, akae kiangazi na masika, ndo aseme anataka kujenga upande gani.

Watoto walipata shida mwezi wa saba, walijua Afrika ni joto tu, wakakuta upepo, vumbi na baridi ya usiku. Lugha imekuja yenyewe kwa bibi yao. Yeye hana habari na Kiingereza, anawaamkia kwa Kigogo "mbukwenyi" wao wanajibu, alafu anawawekea ugali wa uwele na mlenda na hawanyanyuki mpaka sahani iwe nyeupe. Yule mkubwa sasa anatafsiri kwa mdogo wake.

Kitu kimoja kimenifurahisha mno. Baada ya muda mdogo wangu alinikabidhi mama, kwa hiari yake, akapanda treni ya SGR kwenda Dar kwa rafiki yake kupumzika. Tangu nimeondoka nchini hajawahi kupumzika. Aliniachia daftari la dawa, kila dawa na saa yake, na nilifuata mstari kwa mstari.

Kazi ilikuja taratibu ila ilikuja. Maofisi na gesti zimekuwa nyingi na viyoyozi vinahitaji fundi anayejua tofauti ya mtambo wa gesi ya zamani ya R22 na hii mipya ya R32 ambayo inashika moto, huwezi kujaza kiholela. Nilikuja na pampu yangu ya kuvuta hewa na geji zangu, hizo ndo nilizisafirisha kwa uangalifu kuliko hata makochi. Wateja wa kwanza wote walitoka kwa mdogo wangu, anafanya biashara soko la Majengo anajuana na kila mtu.

Lakini kinachonikesha sasa ni zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mkulima akishachuma hana muda, jua hili, zabibu inalainika, viwanda vikiwa vimejaa anauza kwa bei ya kutupa. Mjomba wangu ana shamba Mpunguzi, nimemjengea chumba baridi kidogo cha paneli zenye povu katikati, na jenereta pembeni umeme ukikatika. Tunachuma alfajiri kabla jua halijapanda, zinaingia ndani hapohapo, tunashusha hadi karibu na nyuzi sifuri, ile joto ya shambani ikitoka haraka zabibu inakaa wiki kadhaa bado imekaza. Mavuno yaliyopita aliuza taratibu, kidogo kidogo, kwa bei aliyotaja yeye, na majirani zake wawili wameomba na wao waweke kreti zao. Tunapiga hesabu ya chumba kikubwa zaidi watakachochangia wote, nikipata kompresa ya bei nzuri tunaanza kabla ya mavuno ya mwezi wa nane.