Dividii za zamani kwenye mashine mpya, na khanga ya bibi

Lile boksi la dividii lililokaa juu ya kabati la mama toka tuhamie Mbagala nimelishusha wiki iliyopita, nikalifuta vumbi, na mpaka leo naandika hapa bado halijarudi juu. Ndani kuna kila kitu, muvi za Kibongo zenye stempu ya TRA kwenye kava, za Kinaijeria, za Kihindi za mama, za kutafsiriwa na Lufufu, na dividii tatu za harusi ya dada yangu mkubwa ya mwaka 2006. Nilikuwa nishazichukulia kama kumbukumbu tu za kushika mkononi, maana deki yetu ilishachoka, na hata ilipokuwa nzima picha yake kwenye TV flati ilikuwa inatia huruma, yaani tulipoiaga TV ya chogo ndo kama tuliziaga na dividii zenyewe.

Sasa mwezi uliopita nikanunua homu thieta ya Blu-ray, yaani zile diski zilizokuja baada ya dividii, ya mtumba, imetoka Uingereza, spika tano na sabufa, laki mbili na ishirini baada ya kubishana sana. Plagi yake pini tatu kama zetu, umeme wao kama wetu, nikachomeka tu ikawaka. Shida yangu ilikuwa spika, nilitaka mziki ushibe pale sebuleni, dividii sikuziwaza kabisa. Ila siku ya kwanza sina diski ya Blu-ray hata moja ndani, nikachukua muvi ya Kibongo iliyokuwa juu juu kwenye boksi nikaitumbukiza nione kama itasoma. Ikasoma. Nikakaa kimya kama dakika tano hivi halafu nikaita, mama hebu njoo uone.

Ngoja nieleze kinachotokea maana nikimwambia mtu anajibu ah, dividii ni dividii. Dividii ya PAL, ule mfumo wa picha za TV tunaotumia huku kwetu, picha yake ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwenda chini. TV ya HD kamili ni 1920 kwa 1080. Piga hesabu utaona ni mara tano kamili, kwa hiyo kila nukta moja iliyopo kwenye diski lazima ijaze nafasi ya nukta tano kwenye kioo, na swali ni nani anaifanya hiyo kazi na anaifanya vipi. Deki yangu ya zamani ilikuwa inapeleka picha kwa ule waya wa njano, mwekundu na mweupe ni wa sauti. Huo wa njano peke yake unabeba picha nzima, mwanga na rangi vimesukwa pamoja, vikifika kwenye TV vinatakiwa vifumuliwe na havifumuki vizuri, ndo maana nyekundu ilikuwa inavuja nje ya nguo na maandishi madogo yanachezacheza pembeni kama yana wadudu. Mashine mpya inasoma namba zilizopo kwenye diski, inazikuza yenyewe mpaka 1080, inazitoa kwa waya wa HDMI zikiwa bado ni namba. Hakuna kusuka wala kufumua.

Haigeuzi dividii kuwa Blu-ray, muuza duka asikudanganye. Nukta ambayo kamera haikuipata hakuna mashine ya kuizaa. Inachofanya ni kukuletea kile ambacho kwenye diski kilikuwepo siku zote sema kilikuwa kinapotelea njiani. Kwenye ile muvi niliona vitambaa vya kufuma juu ya makochi, ua kwa ua, na kalenda ukutani. Mama akamuona Kanumba, yule mwigizaji, akasema tu "huyu mtoto jamani", akakaa. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 na mama bado anamtaja kama mtu wa mtaani kwetu.

Na kitu kimoja kinachovutia sana ni kwamba hiyo mashine imewabebea wazee taa yao. Diski ya Blu-ray inasomwa na mwanga wa zambarau wa nanomita 405, ambao ni mwembamba, ndo maana diski moja ya tabaka moja inabeba GB 25 wakati dividii ya tabaka moja ni GB 4.7. Lakini dividii inataka mwanga mwekundu, nanomita 650, na sidii inataka 780, kwa hiyo mule ndani wameweka na mwanga wa zamani kwa ajili ya diski za zamani. Watu waliotengeneza walijua tuna maboksi juu ya makabati.

Usiku wa kwanza lakini nyuso zote zilikuwa pana, watu wamekuwa wafupi wafupi. Hiyo sio mashine, ni seting. Muvi nyingi za kipindi kile zimepigwa kwa umbo la 4:3, TV ya sasa ni 16:9, na TV ikiachiwa inavuta picha ijaze kioo. Nenda kwenye menyu ya mashine uiambie TV ni 16:9 lakini picha ya 4:3 ibaki 4:3, utapata weusi kulia na kushoto, uache, macho yatazoea ndani ya dakika mbili. Halafu shika rimoti ya TV, toa ile hali ya rangi kali inayowekwa ili TV ing'ae dukani, na ule ukali wa picha ushushe karibu na sifuri maana kwenye dividii unachora mstari mweupe kuzunguka kila mtu. Mimi hiyo ya ukali ndo iliniokoa.

Sio zote zinazopona. Zile diski za muvi ishirini ndani ya moja tulizokuwa tunanunua barabarani ndo basi tena, GB 4.7 zilezile zimegawanywa kwa muvi ishirini, picha ilishabanwa mpaka ikawa vigae, na ukiikuza unakuza vigae. Diski orijino zina namba pia, ile ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. Mjomba alituletea muvi orijino kutoka Marekani, hiyo ni kanda ya 1, mashine yangu ya Uingereza ni kanda ya 2, ikaitema na ujumbe wa Kiingereza kwenye kioo. Sisi Tanzania tupo kanda ya 5 ila za Kibongo zangu zote zimeingia bila shida kwa sababu hazikufungwa. Na mashine hii yangu VCD haisomi kabisa, kwa hiyo deki ya zamani sijaitupa, nimeiweka chini ya meza na waya wake wa njano. VCD picha yake ni 352 kwa 288 tu, kama robo ya dividii, na muvi moja lazima diski mbili, mnakumbuka ile ya kunyanyuka katikati ya utamu kwenda kubadilisha.

Sauti nayo we acha. Muvi za nje orijino nyingi zina Dolby Digital 5.1, njia sita, na miaka yote hiyo tulikuwa tunazisikiliza kwa spika mbili za TV zinazotazama ukutani. Niliweka moja ya vita, helikopta ikaanzia nyuma ya kochi ikapita juu ikaenda mbele, mtoto wa dada akageuka kuangalia dirishani. Za Kibongo zina njia mbili tu, hizo naziacha kwenye stirio, nikiziwekea madoido ya spika zote sauti za watu zinakuwa kama wapo bafuni.

Ila ngoja niseme kwa nini hili jambo nalichukulia kwa uzito. Muvi za Hollywood za zamani zilipigwa kwa filamu yenyewe ya milimita 35, leo wanarudi kwenye negativu, wanaiskani upya, wanatoa Blu-ray kali kuliko hata ilivyoonekana sinema. Zetu za miaka ya 2000 nyingi zilipigwa kwa kamera za video, zile za kanda ndogo za mini DV, 720 kwa 576, nukta zilezile za dividii. Hakuna negativu ya kurudia. Ile picha yote ambayo kamera iliiona inaenea kwenye dividii, na diski orijino uliyonayo ndani iko karibu kabisa na pale walipoanzia. Ukiikuta mtandaoni mara nyingi imekatwa vipande, imebanwa tena, na bando lako ndo linalipia. Kwa hiyo mtu akikwambia tupa hizo takataka mwambie asubiri kwanza.

Jumapili tukaweka za harusi. Kwenye deki ya zamani watu wakicheza walikuwa wanaota meno ya chanuo pembeni, kwa sababu kamera zile zilikuwa zinachora picha nusu nusu, mistari ya witiri peke yake na ya shufwa peke yake, nusu 50 kwa sekunde, na kioo cha kisasa kinataka nzima. Mashine mpya inaziunganisha kabla. Muziki ukapigwa, wakaanza kuja kutunza, akaja bibi. Bibi alifariki 2011. Kajifunga khanga nyekundu, na hiyo khanga miaka yote kwenye hii video ilikuwa ni doa jekundu tu linalotembea. Mama akanyanyuka akasogea mpaka mbele ya TV, akasema simamisha hapo. Nikasimamisha. Bibi kainama kidogo anamwekea dada noti mkononi, na chini kwenye pindo herufi nyeusi zimetulia, zinasomeka: HAKUNA KAMA MAMA.

Mama akampigia mama mdogo Tanga palepale. Mama mdogo akasema kipande kimoja cha hiyo doti anacho yeye, kipo kwenye sanduku, na hakuwahi kujua bibi aliivaa siku ile. Anataka kuiona, kwa hiyo nikaanza kunakili zile diski usiku huohuo. Ni za kuchomwa, ukizigeuza chini zina ile rangi ya zambarau, na hiyo rangi joto na jua vinaila, boksi lenyewe lilikuwa karibu na bati. Nimezifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe kamwe, mchubuko wa kuzunguka unafuata njia ya data. Mbili za mwanzo zimeingia zote kwenye kompyuta. Ya tatu inaganda dakika ya 41, kwenye kulishana keki. Fundi mmoja wa pale Kariakoo amesema niilete, ana deki ya kompyuta ya zamani inayosoma diski wagonjwa. Naenda kesho asubuhi, nimeifunga kwenye leso.